Kundi langu la kwanza limenyamaza: nifanyeje na manane yaliyobaki?

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Ninafanya utafiti hapa Kigoma kuhusu namna kaya za mialoni zilivyoishi katika miezi mitatu ya kupumzishwa kwa uvuvi Ziwa Tanganyika, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024. Msimamizi wangu amenitaka nitumie majadiliano ya vikundi, makundi manane. Nilisoma, nikadhani nimeelewa.

Wiki iliyopita nilifanya kundi la majaribio kwenye mwalo mmoja. Niliuomba uongozi wa mtaa uniitie watu kumi, wakaja kumi na wanne. Walikuwemo wenye vyombo wawili, vijana wanaowavulia, akina mama wanika dagaa, na kiongozi mmoja wa mtaa aliyekaa mpaka mwisho. Nilikuwa na maswali 22. Kila nikiuliza, tajiri mmoja, yaani mwenye chombo, anajibu, wengine wanaitikia, "Ndiyo, kama alivyosema." Nikaamua kuwazungukia mmoja mmoja, kila mtu akasema maisha yalikuwa magumu, basi. Baada ya saa mbili na nusu watu wakaanza kuulizia posho. Niliporudi nyumbani nikasikiliza simu: upepo, injini, na watu watatu wakisema kwa pamoja. Kibaya zaidi, tulipokuwa tunatoka, mama mmoja alinisindikiza akanieleza njiani mambo ambayo ndani hakuyagusa kabisa.

Maswali yangu ni mawili. Haya makundi manane niyaendesheje? Na nikishapata rekodi, nizichambueje, maana mimi nimezoea kuhesabu majibu ya hojaji tu?

Binti wa Mwandiga

*

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na huyo mama wa njiani, kwa sababu yeye ndiye aliyekupa jibu. Mwanika dagaa hununua kwa mwenye chombo, na mara nyingi huchukua mali kauli: anabeba leo, analipa akishauza. Sasa umemketisha mbele ya mtu anayemdai, au atakayemhitaji kesho alfajiri, halafu unamuuliza aliishije ziwa lilipofungwa. Akisema alikopa, tajiri anasikia. Akisema kuna wenye vyombo waliodai madeni yao katikati ya shida, huyo huyo tajiri anasikia. Vijana nao mgawo wao unapigwa hesabu na mtu aliyekaa viti viwili kutoka kwao. Hawakukosa la kusema. Walikuwa wanalinda riziki.

Majadiliano ya kundi ni watu kuzungumza wao kwa wao, wewe ukiwa karibu unasikiliza. Wanabishana, wanakumbushana, wanasahihishana, na katika kusahihishana huko linatoka jambo ambalo hakuna hata mmoja wao angekuambia ukimhoji peke yake. Ulichofanya wewe ni hojaji iliyosomwa hadharani. Piga hesabu mwenyewe: dakika 150, maswali 22, watu 14. Kila mtu alikuwa na sekunde 29 kwa swali. Katika sekunde 29 mtu anaweza kusema "maisha yalikuwa magumu" na kumpisha mwenzake. Ukiwa na watu wanane, maswali tisa na dakika 90, kila mmoja anapata dakika moja na robo kwa swali, na hapo ndipo mtu anapata nafasi ya kumwambia mwenzake, "Hapana, si hivyo."

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kupanga nani anakaa na nani. Kwa utafiti wako aina za makundi ni tatu: wanawake wanaonika na kuuza dagaa, wavuvi vibarua wanaokwenda majini, na wenye vyombo. Usizichanganye hata siku moja. Manane yako yagawe hivi: matatu ya wanawake, matatu ya vibarua, mawili ya wenye vyombo, kwa kuwa hawa wa mwisho ni wachache kila mwalo na wanajuana. Ukiwa na kundi moja tu la aina fulani hutajua kama uliyoyasikia ni ya wavuvi au ni ya wale saba waliokaa pale siku ile. Uchambuzi wa Greg Guest na wenzake uliochapishwa mwaka 2017, uliotumia makundi 40 ya watu wanaofanana wakijadili jambo moja, ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya mada zote hupatikana ndani ya makundi mawili hadi matatu, na asilimia 90 ndani ya matatu hadi sita. Hesabu hiyo ni ya watu wa aina moja, usiichukue kwa makundi yako yote manane kana kwamba ni mkoba mmoja. Pia kati ya vibarua tazama umri. Kijana wa miaka 19 hatampinga mzee aliyemfundisha kuvuta wavu, kwa hiyo kundi moja la vibarua lifanye la vijana watupu.

Watu usiitiwe, waite mwenyewe. Mtu wa mtaa akikuitia ataleta ndugu zake, wajumbe, na wale wasemaji wa kila mkutano. Nenda mwaloni siku mbili tatu kabla, zungumza na watu kazini kwao, na uwe na maswali matatu mafupi ya kuchuja: unafanya kazi gani hapa, ulikuwa unaifanya kabla ya Mei 2024, na unafanya na nani. Swali la tatu ndilo linalokuokoa, kwa sababu linakuonyesha nani ni mke wa nani na nani anamvulia nani. Orodhesha kumi, alika tisa, watafika saba au wanane. Wapigie simu jioni ya kuamkia siku yenyewe. Wakija kumi na wanne, chagua wanane waliomo kwenye orodha, na wengine waombe radhi kwa adabu. Usione haya kufanya hivyo, kwani kundi la watu 14 hugeuka mkutano wa hadhara.

Vibali unavijua: barua ya chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha halmashauri, kata, mtaa. Pita kote huko, na kiongozi wa mtaa mtembelee kabla ya watu wake. Mwambie wazi kwamba ndani watakaa washiriki watupu, na kwamba yeye utamhoji peke yake siku nyingine, kwa sababu ana anayoyajua ambayo wananchi hawayajui. Hilo ni kweli, na akilisikia mapema hatajiona amefungiwa mlango. Akitokea hata hivyo, simama, msalimie, mtambulishe, mpe nafasi ya kuwakaribisha watu, kisha msaidizi wako amsindikize nje na waanze mahojiano yao papo hapo.

Ndiyo, msaidizi ni lazima. Mtu mmoja hawezi kuongoza mazungumzo na kuandika kwa wakati mmoja. Kama wanawake wengi wa mwalo huo huongea Kiha wakiwa peke yao, tafuta mwongozaji anayekijua, na awe mwanamke. Waache wachanganye Kiha na Kiswahili wapendavyo. Ukilazimisha Kiswahili kitupu utawasikia waliosoma tu.

Saa ya kukutana iamue kwa kutazama mwezi. Taa za wavuvi huvuta dagaa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka taa hazifui dafu, vyombo vinapumzika siku kadhaa. Makundi ya vibarua yaweke siku hizo. Ukiwaita wakati wa giza utapata watu waliokesha majini, wanasinzia, na kila mmoja anawaza kulala kabla jua halijazama. Akina mama siku za giza wako kwenye chanja tangu asubuhi, wanageuza dagaa na kutazama wingu. Waite saa tisa alasiri dagaa wakishaanuliwa, uwaachie saa kumi na nusu wakapike.

Mahali pasiwe ofisi ya mtendaji, maana watu watadhani ni kesi, wala pasiwe ufukweni. Darasa la shule siku ya Jumamosi linafaa, au kivuli cha mwembe nyuma ya nyumba ambayo haina njia ya kupita watu. Masika kwepa paa la bati: mvua ikishuka, rekodi yako imekwisha. Wote wakae kimo kimoja. Kama akina mama wako kwenye mkeka, na wewe kaa mkekani. Duara libane, magoti yakaribiane.

Kuhusu rekodi, tumia vifaa viwili, simu mbili zatosha. Ziweke hali ya ndege ili mtu asipige katikati. Kunja kitenge mara nne, weka simu juu yake katikati ya duara. Simu ikilala moja kwa moja kwenye meza au sakafu hunasa kila kikombe kinachowekwa na kila mguu unaosogea, na sauti ya mtu wa mbali inamezwa. Rekodi dakika mbili za salamu, zisikilize kabla hujaanza. Kisha kila mshiriki mpe kadi yenye namba, 1 hadi 8, aiweke mbele yake. Msaidizi asijaribu kuandika yote yanayosemwa. Aandike namba ya aliyesema na maneno yake matatu manne ya mwanzo, mstari kwa mstari: "4: mimi nilirudi kwa…", "2: mawese ya nani…". Siku ya kunukuu, yaani kuiandika rekodi neno kwa neno, karatasi hiyo ndiyo itakayokuambia hii sauti ni ya nani. Bila hiyo, sauti za wanawake wanane wa rika moja huwezi kuzitofautisha hata usikilize mara kumi. Aandike pia yale simu isiyoyaona: nani alitikisa kichwa, nani alitazama chini, wapi walicheka.

Ridhaa usiifanye ya kusaini tu. Waambie unachotafuta, kwamba hukuleta msaada wala huna uwezo wa kufungua au kufunga ziwa, kwamba mtu anaweza kunyamaza kwenye swali lolote au kuondoka. Waambie pia jambo moja ambalo watafiti wengi hulificha: wewe utatunza siri, lakini huwezi kuahidi kwa niaba ya waliokaa humo. Kwa hiyo mtu asimtaje mtu kwa jina, na lile asilotaka lisikike mwaloni asiliseme hapa. Nawe usiwaulize nani aliingia majini kwa siri wakati wa katazo. Hilo linaweza kumfikisha mtu pabaya, na kundi si mahali pake. Likijitokeza lenyewe, sema, "Tusitaje mtu wala chombo," muendelee. Orodha ya majina iwe mbali na rekodi, na rekodi ziwe na nywila. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, huo ni wajibu wa kisheria. Nauli na soda watangazie mapema kiasi chake, sawa kwa wote, watoe mwisho. Posho ilianza kuulizwa kwako kwa sababu hukuitaja mwanzoni, na saa mbili na nusu ni kazi ya nusu siku.

Sasa maswali. Njia hii ilizaliwa Marekani miaka ya 1940, katika utafiti wa redio uliowahusisha Paul Lazarsfeld na Robert Merton. Wasikilizaji walibonyeza kitufe chekundu kwa kile kilichowachukiza na cha kijani kwa kile kilichowapendeza, halafu wakaulizwa: hapa ulipobonyeza chekundu, ulisikia nini? Angalia walichokifanya. Hawakuuliza "una maoni gani kuhusu redio". Waliwarudisha watu kwenye sekunde fulani, jambo fulani. Nawe usiulize "kupumzishwa kwa uvuvi kuliathiri vipi hali ya kiuchumi ya kaya". Swali la namna hiyo linaomba hotuba, na hotuba utaipata. Uliza, "Turudi wiki ile ya kwanza baada ya Mei 15. Asubuhi ulipoamka, ulifanya nini?"

Maswali tisa yanatosha kwa dakika 90. La kwanza ni la kila mtu, dakika tano, jepesi: kazi yako hapa ni ipi na umeifanya kwa muda gani. Hili ndilo pekee utakalozungusha duara. Lengo lake ni kila mdomo ufunguke mapema, kwa maana mtu asiyesema ndani ya dakika kumi za mwanzo ni vigumu kusema baadaye. Yafuatayo mawili, dakika kumi na tano, yanawarudisha kwenye wakati husika: mlisikia lini habari za kupumzisha, mlijiandaaje. Kisha matatu au manne ya moyo wa utafiti, na hapa tumia karibu dakika 50. Yaliyobaki ni ya kufunga. "Kwa nini" litumie kwa uangalifu sana, lina harufu ya polisi. Sema "nini kilikufanya…" au "ilikuwaje mpaka…". Soma kila swali kwa sauti mbele ya mtu asiye mtafiti, na likihitaji maelezo ujue halijawa swali.

Katika ule moyo wa utafiti, weka zoezi la mikono. Chukua punje 20 za maharage, chora kwenye karatasi kubwa au chini ardhini michoro ya kila kilichokuwa kikiingiza pesa nyumbani: dagaa, mawese, shamba, kibarua, mkopo, ndugu aliye mbali. Waambie wazigawe punje 20 kulingana na hali ya kabla ya Mei 2024, kisha wazikusanye na kuzigawa tena kwa miezi ile mitatu. Halafu wewe nyamaza. Mmoja ataweka punje nane kwenye mawese, mwenzake ataziondoa tano bila kuuliza, na hapo maneno yataanza. Kinachotafutwa ni hayo maneno wanayosema mikono ikihamisha punje. Piga picha mgawanyo wa mwisho, lakini usije ukaandika kwenye tasnifu kwamba "mawese yalichangia asilimia 15 ya kipato". Punje tatu za maharage hazikupimwa, zilibishaniwa. Zoezi hili lina faida nyingine: msemaji mkubwa hawezi kushika punje zote, na mama mnyamavu ambaye hajasema neno utamwona ananyoosha mkono.

Kuongoza kwenyewe ni zaidi kujizuia kuliko kusema. Mtu akimaliza, hesabu kimoyomoyo mpaka tano kabla hujafungua mdomo. Sekunde tano ni ndefu kweli, utatamani kuzivunja, lakini mara nyingi ya nne mtu mwingine anaingia, na huyo ndiye uliyekuwa unamngoja. Usiitikie "vizuri", "sawa kabisa", maana utakuwa unatoa maksi, nao watakupa zaidi ya kile ulichokisifu. Itikia "naam" ile ile kwa kila mtu. Wakisema "kama alivyosema mwenzangu", usilipokee kama jibu. Mwambie, "Nieleze kwako ilikuwaje, maana nyumba hazifanani." Uliza mara kwa mara, "Nani kwake ilikuwa tofauti?" Swali hilo linampa ruhusa mtu wa kupinga bila kuonekana mkorofi.

Msemaji wa kila jambo utamtambua kwenye salamu. Mketishe ubavuni pako, ambapo macho yenu hayakutani, na mnyamavu mketishe mbele yako umtazame kwa upole. Msemaji akizidi, inua kiganja kidogo, mshukuru, ugeuze uso: "Asante mzee, hilo nimelishika. Hebu tusikie upande huu." Usimkatize mkubwa kwa ukali, kundi zima litakunja mikono kwa niaba yake.

Wakimaliza, msaidizi asome muhtasari wa dakika mbili tatu, uwaulize, "Tumeelewa sawasawa? Nini hatujakiuliza?" Acha dakika kumi nzima kwa swali hili la mwisho. Na baada ya kuzima simu usikimbilie pikipiki. Mama wa njiani yupo katika kila kundi. Akikueleza kitu, mwombe ruhusa ya kukiandika.

Usiku huo huo, kabla hamjalala, kaa na msaidizi nusu saa: nini kipya, nini kimetushangaza, nini kinagongana na kundi lililopita, swali gani halikueleweka. Andikeni ukurasa mmoja na mnakili rekodi mahali pa pili. Uchambuzi umeanza hapo, kwa hiyo usifanye makundi manne kwa siku mbili ili umalize haraka. Moja kwa siku, na kundi la tatu lifaidike na uliyojifunza kwenye la pili.

Tuje kwenye swali lako la pili. Rekodi ya dakika 90 ya watu wanane itakula saa nane hadi kumi za kunukuu, pengine zaidi palipo na Kiha. Makundi manane ni saa 70 au 80, kwa hiyo zipange kwenye ratiba sasa. Programu za kunukuu zenyewe usizitegemee kwa sauti zinazopandana na lugha mbili, lazima usikilize mwenyewe. Nukuu neno kwa neno pamoja na [wanacheka], [kimya], [wote pamoja]. Usitafsiri kwenda Kiingereza kabla ya kuchambua. "Mali kauli" ukishaiita mkopo umepoteza uaminifu na aibu vilivyomo ndani yake. Chambua kwa Kiswahili, tafsiri zile nukuu chache zitakazoingia kwenye tasnifu tu.

Soma makundi yote mara moja bila kalamu. Kisha chukua mawili yaliyotofautiana zaidi, uanze kuweka misimbo pembeni, yaani neno au kifungu kifupi kinachotaja kinachotokea hapo. Chukua kipande hiki, tumekibuni kwa ajili ya kuonyesha:

Na. 4: Mimi nilirudi kwenye mawese, nikakamua.
Na. 2: Mawese ya nani? Wewe kwenu kuna michikichi. Sisi wengine tulikopa.
Na. 4: Ni kweli, ni ya baba.
Na. 7: Na huyo wa kukukopesha utamtoa wapi, wote mnavua ziwa moja? [wanacheka]
Na. 2: Kikoba. Na kikoba nacho kikasimama. [kimya]

Aliyezoea hojaji ataandika: chanzo mbadala, mawese, mtu 1, mkopo, mtu 1. Si makosa, lakini ameacha nyama akachukua mifupa. Misimbo ya kilichosemwa ni "mawese", "kukopa", "kikoba kusimama", "umiliki wa michikichi". Juu yake weka misimbo ya kilichotendeka kati yao: namba 2 alimsahihisha namba 4, naye akakubali. Kutokana na kusahihishwa huko tumejua kwamba mawese ni kimbilio la mwenye urithi wa michikichi, si la kila mwanika dagaa. Namba 7 akaonyesha kwa nini mikopo ilikauka: wakopeshaji na wakopaji walitegemea maji yale yale. Kicheko kikafuatwa na kimya kilipotajwa kikoba. Weka alama hapo, utazame kama makundi mengine nayo yananyamaza kwenye neno hilo.

Misimbo iwe 25 au 30, isizidi 40. Kila mmoja uandike kwenye daftari: jina, maana yake, kinachoingia, kisichoingia, na mfano mmoja. Mpe msaidizi nakala ya kundi moja aweke misimbo yake bila kuona yako, kisha mkae mlinganishe. Mnapotofautiana, tatizo huwa ni maana ya msimbo kutokuwa wazi, irekebisheni ndipo mwendelee na mengine.

Baadaye misimbo inayokwenda pamoja iunganishe iwe mada sita au saba, uchore jedwali: makundi manane kwa safu za kulala, mada kwa safu za kusimama. Kila chumba andika sentensi mbili tatu za muhtasari na namba ya ukurasa ilipotoka. Ukisoma kwa kushuka utaona mada moja inavyobadilika kutoka kwa vibarua hadi kwa matajiri. Ukisoma kwa kulala utaona mantiki ya kundi moja. Chumba kilicho tupu kitazame kwa makini: je, hawakuulizwa, au waliulizwa wakanyamaza? Excel inatosha kwa kazi hii, na kama unataka programu ya kuweka misimbo, Taguette ni ya bure.

Unapopima uzito wa mada, tofautisha mara ngapi limesemwa na watu wangapi wamelisema. Mtu mmoja aliyerudia jambo mara kumi si sawa na watu saba waliolisema mara moja moja. Tazama pia kama wamelisimulia kwa tukio mahususi au kwa ujumla tu, na kama sauti zilipanda. Asilimia usiandike. Washiriki hukuwachagua kwa bahati nasibu, na mtu aliyenyamaza hakupiga kura. Andika, "Katika makundi yote matatu ya wanawake… ilhali wenye vyombo hawakuligusa." Mwishoni mwa nukuu weka "mwanika dagaa, kundi la 2". Kama mwaloni kuna mwanamke mmoja tu mwenye chombo, usimtaje kwa sifa hiyo, mwalo mzima utamjua.

Rekodi ya lile kundi la majaribio usiichanganye na data, lakini usiifute. Isikilize tena ukiwa na kalamu na uhesabu mambo mawili: ni mara ngapi wewe ulizungumza, na ni mara ngapi mshiriki alimjibu mshiriki mwenzake bila kupitia kwako. Andika namba hizo mbili kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako, kisha fanya hesabu hiyo hiyo usiku baada ya kundi lako la kwanza la wanawake.